Barua ya wazi kwa Afisa Mipango Miji: baa sawa, lakini sakafu msiimwagie zege

Ndugu Afisa Mipango Miji,

Salaam. Ombi la kugeuza jumba kongwe la sinema liwe baa limefika mezani kwako, na najua wengi watakuandikia kulipinga. Mimi sipingi. Baa haikuua sinema; ilikuta milango imeshafungwa.

Uingereza wameyaona haya zamani. Mwaka 1946 ziliuzwa tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6, kufika 1984 zimebaki kama milioni 54. Televisheni iliwabakiza watu sebuleni. Sinema ya Capitol, mtaa wa Forest Hill, London, ilifunguliwa 1929, ikaacha kuonyesha filamu 1973, ikawa ukumbi wa bingo, mchezo wa kubahatisha namba, hadi 1996, na 2001 ikafunguliwa tena kama baa. Kinachonitisha mimi si bia. Ni ile miaka mitano ya katikati, jumba likiwa tupu: paa likianza kuvuja, nani atajua?

Kwa hiyo toa kibali. Ila kabla hujagonga muhuri, chukua tochi uende mwenyewe, usitosheke na ramani. Tembea kutoka mlangoni kwenda mbele uone miguu inavyokuvuta: sakafu ya sinema huteremka, ili wa nyuma asizibwe na kichwa cha wa mbele. Mwenye baa ataitaka iwe tambarare, na ana haki, glasi haikai kwenye mteremko. Basi ajenge jukwaa la mbao juu yake. Akimwaga zege, imekwisha.

Halafu panda chumba cha projekta. Kama jumba ni la kabla ya miaka ya 1950, huenda ukakuta vidirisha vidogo ukutani vya kupitishia mwanga wa filamu, kila kimoja na kifuniko chake cha chuma. Filamu za wakati ule zilikuwa za nitreti, aina ya plastiki inayowaka upesi, na nitreti ikishika moto hata maji hayaizimi. Sheria ya Uingereza ya 1909 ilitaka projekta itengwe na watazamaji kwa sababu hiyo. Moto ukizuka, kifuniko kinashushwa, walio chini wanapata muda wa kutoka. Fundi asiyeambiwa atakiona chuma chakavu na kukipeleka kwenye mizani.

Dari ya plasta nayo isitobolewe kwa ajili ya taa na spika. Vining'inizwe kwenye fremu inayosimama yenyewe. Nasisitiza vitu vinavyoweza kung'olewa kwa sababu baa nazo hufilisika, na mpangaji wa baada yake huenda akataka kuonyesha filamu.

Rangi ya kuta wachague wenyewe, hata ikiwa mbaya.

La mwisho ni dogo. Chumba cha projekta kwenye baa huishia kuwa stoo ya makreti. Andika ndani ya kibali kwamba kibaki wazi kwa ukaguzi, na ufunguo mmoja ukae ofisini kwako.

Wako,
Mpenzi wa majumba ya sinema