Salamu za Pasaka: Ameshika Tama

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia Jumamosi Kuu. Kengele za kanisani zimenyamaza tangu juzi, ni kibao cha mbao tu kinachogongwa. Simu yangu imeshaanza kujaa maua, mishumaa na vifaranga vya njano (vifaranga na kaburi tupu vilikutana wapi?). Mimi nawaletea picha nyingine.

Ni ya mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani. Mwaka 1511 alitoa kitabu kidogo cha Mateso ya Bwana, picha 37 zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa kwa wino mweusi, za kuenea kiganjani. Ya ukurasa wa mbele ndiyo haijaniachia Kwaresima nzima. Yesu kaketi jiweni, taji la miiba kichwani, mgongo umepinda, kiwiko gotini. Ameshika tama. Hakuna Maria, hakuna Yohane, hakuna hata askari.

Marehemu bibi yangu angeiona angekemea: "Toa mkono shavuni, nani kafa?"

Sasa tazama mikono na miguu yake. Ina matundu ya misumari. Yaani msalaba umeshapita, naye bado amekaa na majonzi yake. Kwenye ubao, mchongaji huchimba na kutupa pote panapotakiwa kubaki peupe. Mistari iliyoachwa imesimama ndiyo hushika wino. Kwa hiyo ule weupe unaomzunguka ni mbao iliyokwanguliwa. Kisu kimemwondolea kila kitu, kikamwachia jiwe la kukalia.

Mwaka 1514, mwaka aliofiwa na mama yake, Dürer alichonga kwenye bamba la shaba picha ya Mtakatifu Jeromu, yule mtafsiri wa Biblia, akiwa chumbani mwake. Huyo naye yuko peke yake, ila jua linaingia dirishani, simba na mbwa wanasinzia sakafuni, mzee anaandika zake. Hiyo ni faragha. Ya pale jiweni ni upweke, na nashukuru Kiswahili hakikuyachanganya maneno hayo mawili.

Basi salamu zangu mwaka huu zinaanza na mlioketi jiweni. Wewe mlinzi utakayeisikia Aleluya ya mkesha ukiwa getini kwa watu. Wewe dada uliyezika Kwaresima hii na tayari unaambiwa ujikaze, eti sikukuu. Wewe kijana uliyekosa nauli ya kwenda nyumbani, ukampigia mama kumwambia umebanwa na kazi. Msiharakishwe. Anayewakataza kushika tama, mwonyesheni hiyo picha.

Wengine wote, heri ya Pasaka, kuleni mshibe. Kwangu kesho ni pilau, na sahani ya mlinzi wa hapa mtaani itatolewa kwanza, kabla watoto hawajaifikia sufuria.