Fomula yako ya vitamini ni mpya kabisa, mbona mkaguzi wa hataza anasema ni dhahiri?

Wateja wengi wanaotufikia wanakuja na barua ileile mkononi, barua ya mkaguzi wa hataza (patent, yani haki ya kumiliki uvumbuzi) inayosema madai yote, yani yale unayoomba yalindwe, yamekataliwa kwa sababu fomula ni dhahiri. Mtu amehangaika na mchanganyiko wake muda mrefu, ametafuta kila kona hajaona kidonge kingine chenye viungo vilevile kwa vipimo vilevile, amelipa ada, amesubiri, alafu anajibiwa hivyo. Wengi wanaona kama mkaguzi hakusoma. Kwa kweli mara nyingi amesoma, tena vizuri, ila swali analolijibu yeye sio lile unalolijibu wewe. Wewe unasema hakuna aliyewahi kutengeneza hiki kitu. Yeye anauliza, mtaalamu wa kawaida wa mambo ya virutubisho akiwa na maandishi yote ya zamani mezani, asingefika hapahapa bila shida?

Hayo ni mambo mawili na kila moja lina mlango wake. Upya unaangaliwa kwanza, ukipita hapo ndio unakutana na udhahiri, na kwenye saplimenti za vitamini huu mlango wa pili ndio unaoangusha watu. Tutaongelea zaidi Marekani kwa kuwa huko sheria yake ya hili iko wazi na kesi zipo nyingi. Ni kifungu cha 103 cha sheria ya hataza, kiliingia mwaka 1952, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Graham dhidi ya John Deere ikaeleza namna ya kukitumia: angalia kilichokwishajulikana, angalia tofauti kati ya hicho na unachodai wewe, angalia kiwango cha ujuzi cha mtu wa kawaida wa hiyo fani, na pia usikilize ushahidi wa nje kama vile tatizo lililosumbua watu kwa miaka au wengine kujaribu wakashindwa.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme una kapsuli ya kusaidia upungufu wa damu, ndani kuna madini ya chuma, vitamini C, B12 na asidi ya foliki. Mkaguzi anatoa waraka wa kwanza unaosema chuma kipewe pamoja na vitamini C, anatoa wa pili unaosema B12 na asidi ya foliki zinahitajika kutengeneza chembe nyekundu za damu, anaviweka pamoja na kazi yake imeisha. Hahitaji waraka mmoja wenye vyote vinne. Kuna uamuzi wa mahakama wa mwaka 1980, Kerkhoven, ulihusu sabuni za unga wala sio vitamini, lakini ndio unaotajwa sana kwenye barua za saplimenti, unasema kwamba vitu viwili ambavyo kila kimoja kinajulikana kwa kazi fulani, ukivichanganya kwa ajili ya kazi hiyohiyo basi mchanganyiko huo kwa kuanzia unahesabika dhahiri, maana sababu ya kuvichanganya imo humohumo kwenye kazi yao. Ndio maana fomula za "kila kitu cha kinga ya mwili ndani ya kidonge kimoja" zinapata shida sana. Kuongeza kiungo cha tano na cha sita hakusaidii chochote kama na chenyewe kinajulikana kwa kinga ya mwili.

Watu wakishasikia hivyo wanakimbilia vipimo. Wanasema sawa, lakini wao wameweka miligramu 200, sisi tumeweka 240. Hapo mkaguzi ana uamuzi mwingine wa zamani zaidi, Aller wa 1955, kwamba kama mazingira ya jumla yameshajulikana basi kutafuta kiwango kizuri zaidi kwa majaribio ya kawaida sio uvumbuzi. Na kama kiwango chako kinaangukia ndani ya kiwango kilichotajwa zamani, mzigo wa kuonyesha kwamba 240 ina kitu cha pekee ambacho 200 haina unakuwa wako wewe, na lazima uonyeshe kwa namba, maneno matupu hayasaidii. Kwa vitamini hili ni gumu maana vipimo vya kila siku vimeandikwa kwenye miongozo ya lishe kila mahali na kila mtu anacheza ndani ya nafasi ileile.

Alafu mwaka 2007 ikaja KSR dhidi ya Teleflex, kesi ya pedali ya gari, ikafanya mambo yawe magumu zaidi kwa mwombaji. Kabla ya hapo mawakili walizoea kumbana mkaguzi aonyeshe andiko linalopendekeza kabisa kuunganisha hivi na hivi. Mahakama Kuu ikasema huyo mtaalamu wa kawaida ni mtu mwenye akili ya kubuni pia, sio mashine, anaweza kuunganisha vipande mwenyewe, na ukiunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana ukapata matokeo yaliyotarajiwa, kuna uwezekano mkubwa hicho kitu ni dhahiri. Ukisoma barua yako vizuri utaona sentensi ya namna hiyo iko humo, karibu kila barua inayo.

Hapo kwenye matokeo yaliyotarajiwa ndipo kesi yako inapofia au kupona, na ndio sehemu tunayotaka mteja aielewe kuliko zote. Matokeo mazuri peke yake hayatoshi. Mteja anakuja na data ya maabara kwamba chuma kinafyonzwa vizuri zaidi kikiwa na vitamini C, data safi kabisa, lakini hicho kinajulikana, vitamini C inabadilisha chuma kuwa kwenye hali ambayo utumbo unakipokea kwa urahisi. Umethibitisha kilichotarajiwa, na mkaguzi atakushukuru maana umemsaidia hoja yake. Ni hivyohivyo vitamini D na kalsiamu, hivyohivyo A, D, E na K kumezwa na mafuta. Ukiweka zinki nyingi na ukaongeza shaba kidogo ili zinki isizuie shaba kufyonzwa, hilo nalo limeshafanyika, utafiti mkubwa wa macho wa Marekani uitwao AREDS uliotoa matokeo 2001 ulitumia miligramu 80 za zinki na ukaweka miligramu 2 za shaba kwa sababu hiyohiyo.

Kinachotafutwa ni kitu ambacho mtaalamu akikiona atashangaa. Kalsiamu inajulikana kuzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo ukiwa na kidonge chenye vyote viwili na chuma kikafyonzwa kana kwamba kalsiamu haipo, hapo tunakaa chini tuongee. Au viungo viwili ambavyo kila kimoja peke yake kinaleta badiliko dogo, ukijumlisha unategemea kupata 25 kwenye kipimo fulani, lakini pamoja vinaleta 40, na umerudia jaribio ikatoka hivyohivyo. Hiyo ziada ndiyo uvumbuzi wako, na ndiyo inayotakiwa ionekane kwenye karatasi.

Mfano mzuri kuliko wote tunaoujua unahusu vitamini zenyewe. Kampuni ya Eli Lilly ilikuwa na dawa ya saratani, pemetreksedi, ambayo inafanya kazi kwa kuzuia njia za folati (vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake mojawapo) ndani ya seli. Dawa ilikuwa na madhara makali kwa wagonjwa. Wakapata hataza ya kumpa mgonjwa asidi ya foliki na B12 kabla ya dawa. Asidi ya foliki inajulikana, B12 inajulikana, dawa yenyewe inajulikana, ukiangalia juujuu utasema hii ni dhahiri. Lakini jiulize, dawa inapambana na folati alafu wewe unampa mgonjwa folati? Hofu ya wataalamu ilikuwa kwamba utapunguza nguvu ya dawa dhidi ya saratani, na rekodi zilionyesha wenye shaka walikuwepo wakati huo. Washindani walijaribu kuifuta hataza hiyo kwa hoja ya udhahiri, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitetea 2017 na ikaitetea tena 2019. Kwa hiyo vitamini za kawaida kabisa zinaweza kupita huu mlango, cha msingi ni kwamba maarifa ya wakati ule yalikuwa yanamvuta mtaalamu upande mwingine.

Ila angalieni, kuna watu wanaona andiko la zamani limesifia kiungo kingine zaidi wanafikiri hilo limewakataza kutumia cha kwao. Haliendi hivyo. Andiko likisema kitu A ni bora kuliko B bado limetaja B, na mkaguzi ataitumia. Linalokusaidia ni lile linalosema B haitafanya kazi, au itaharibu, au itadhuru.

Na usiruke ule mlango wa kwanza pia. Mwaka 2005 kwenye kesi ya Upsher-Smith na Pamlab kulikuwa na hataza za saplimenti ya B6, B12 na asidi ya foliki, sifa yake kubwa ikiwa kwamba haina antioksidanti. Zikaanguka kwa kukosa upya tu, udhahiri hata haukuhitajika, kwa sababu ombi moja la zamani la Ulaya lilikuwa limesema antioksidanti ni hiari. Hiari maana yake unaweza kuweka au kuacha, basi kuacha kumeshaandikwa. Tunawaambia wateja wanaotegemea neno "isiyo na" wasome hiyo kesi kabla ya kulipa ada yoyote. Kuna na mlango wa vitu vya asili, mwaka 2023 hataza ya aina moja ya vitamini B3 iliyotengwa ilianguka Marekani kwa kuwa kitu chenyewe kipo ndani ya maziwa, hilo tutaliandikia siku nyingine maana lina mambo mengi.

Turudi kwenye data, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Jaribio linalolinganisha kapsuli yako na kapsuli tupu halina msaada hapa, hata kama ni zuri kwa wanunuzi. Mkaguzi anataka ulinganishe na kile cha zamani kilicho karibu zaidi na chako, yani kile alichokitaja kwenye barua. Kila kiungo peke yake, mchanganyiko wa zamani, alafu mchanganyiko wako, mazingira yaleyale. Na data iendane na upana wa madai, umepima miligramu 50 tu alafu unadai kuanzia 5 hadi 500, atakwambia umeonyesha nukta moja unataka shamba zima, na kusema ukweli yuko sahihi. Ama pima nukta kadhaa, juu, katikati na chini, ama punguza madai yako yafuate ulichopima. Sisi tunapendelea madai membamba yanayosimama kuliko mapana yanayoanguka, ingawa tunajua inauma kukata.

Marekani unaruhusiwa kuleta data baada ya kupeleka ombi, kwa tamko la kiapo la mtaalamu, lakini huruhusiwi kuongeza mambo mapya ndani ya maelezo ya ombi lenyewe. Kwa hiyo kama hukuandika tangu mwanzo kwamba fomula inaleta faida hiyo, data bado inaweza kusikilizwa kama ushahidi, ila huwezi kuiingiza kwenye maelezo ya ombi. Ulaya ni kugumu zaidi, uamuzi wa ofisi ya hataza ya huko wa mwaka 2023, G 2/21, unataka faida unayoidai iwe imo kwenye mafundisho ya ombi la awali. Ndio maana tunasisitiza fanya majaribio kwanza, peleka baadaye, hata kama mshindani anakutia presha.

Mauzo makubwa nayo watu wanapenda kuyaleta. Yanakubalika kama ushahidi, lakini uonyeshe watu walinunua kwa sababu ya ile sifa mpya ya fomula, sio kwa sababu ya tangazo zuri au chupa ya kuvutia au bei. Kwa saplimenti hiyo ni kazi ngumu na sisi huwa hatuiweki mbele. Pia kibali cha kuuza sio hataza, mamlaka inayoangalia usalama wa bidhaa haikuulizi kama mtaalamu angeliwaza hilo.

Na tafadhali usitangaze fomula kabla ya kupeleka ombi. Ukiweka lebo yenye viungo na vipimo mtandaoni, andiko lako mwenyewe linageuka kuwa kilichokwishajulikana. Marekani inakupa mwaka mmoja wa kujinusuru kwa ulichokitoa mwenyewe, Ulaya haikupi hata siku.

Kama barua tayari unayo usikae nayo. Kwa kawaida Marekani unapewa miezi mitatu kujibu, unaweza kuongeza kwa kulipia lakini haizidi miezi sita tangu barua itoke, ikipita ombi linahesabika limeachwa. Ukitutumia kazi, tutumie barua nzima pamoja na maandiko yote aliyoyataja mkaguzi, ombi kama lilivyopelekwa, na data yako ghafi, hata ile iliyotoka vibaya. Hiyo mbaya tunaitaka kweli, maana mara nyingine mchanganyiko ulioshindwa unaonyesha kwamba ule uliofanya kazi haukuwa wa kutarajiwa. Tukishasoma tunakwambia kama kuna hoja ya kupigania au kama ni bora pesa ya kujibu uihamishie kwenye jaribio moja zuri na ombi jipya, na kama hakuna kitu tutakwambia hakuna kabla hatujakutoza gharama ya kuandika jibu.