Barua kwa Baba: yule samaki alikuwa mkubwa

Brooklyn Park, Minnesota

Baba yangu mpendwa, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na magoti yake nayaulizia kabla ya kitu kingine chochote. Sisi wazima. Watoto wanakua, wanakula, shule inakwenda. Kazi ya usiku ipo, baridi imeshaingia, hayo tuyaache.

Nimeona niandike kwa sababu simu ikipigwa nyumbani inakuwa ya wote, na Baba mdogo Manyama akishaishika hairudi. Barua hii anakuja nayo mdogo wake Nyamisi, anarudi Mwanza kwa ule msiba. Naomba uisome mwenyewe kwanza. Kisha umsomee Baba mdogo, Mafuru akiwapo, na Shangazi aitwe.

Ni habari ya yule samaki.

Ile picha niliituma kwenye kundi la familia kwa furaha niliyokuwa sijaipata tangu nifike huku. Baba mdogo akajibu kwamba samaki wa kilo 15 pale mwaloni Kakukuru hata wakala hamgeuzii shingo, kwamba mtu mzima anamkumbatia samaki na kupigwa picha, halafu eti anamrudisha majini wakati nyumbani injini ya mtumbwi imekufa. Watu wakacheka. Mafuru naye akacheka, Mafuru huyu huyu ambaye ada yake hakuna asiyejua inatoka wapi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wewe ulisoma ukanyamaza. Baba mdogo angesema lolote jingine juu yangu ningelimeza. Lakini samaki! Mimi uvuvi nimeuona kwako, nilikuwa nachota maji kwa kopo ndani ya mtumbwi wakati mwalo mzima unakusema kwa kupakia mtoto wa kike.

Basi nieleze, maana naona hakuna aliyeelewa anatazama nini.

Samaki yule anaitwa maski. Kwao ni maziwa na mito ya huku kaskazini, Minnesota, Wisconsin, Ontario ya Kanada, mpaka kule mto St. Lawrence. Mrefu, ubavu una michirizi, mdomo bapa kama wa bata ila ndani ni meno matupu. Mshipi mtupu anaukata mara moja, ndiyo maana kabla ya ndoano tunafunga kipande cha waya. Anakula samaki wenzake, tena wakubwa. Na ni wachache. Ziwa linaweza kuwa pana usione ng'ambo, na maski waliomo wametawanyika kila mmoja na pembe yake. Wavuvi wa huku humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi, yaani utarusha chambo mpaka bega likatae ndipo mmoja akubali.

Sheria ya Minnesota majira ya kiangazi na ya majani kupukutika ni mtu mmoja, mshipi mmoja. Baba, hapo nataka utulie. Hapa hakuna migonzo yenye ndoano mamia ambayo mtu anaitega jioni na kwenda kulala. Ni mshipi mmoja mkononi, chambo cha bandia kizito, unarusha, unavuta, unarusha, unavuta, kutwa, na upepo unakukata uso. Mara nyingi anakuja nyuma ya chambo hadi ubavuni mwa boti, unamwona kwa macho yako, anakitazama, anazama zake. Siku nyingine ndiyo hiyo tu utakayopata, na watu wanarudi nyumbani wamefurahi kwa kuonwa na samaki.

Sasa ukubwa. Huku hakuna anayeuliza kilo. Swali la kwanza ni inchi ngapi. Maski wa inchi 40, kama sentimita 101, ni samaki mzuri, hakuna wa kumdharau. Wa 45 utampigia simu rafiki yako usiku huohuo. Lakini mlango ni inchi 50, sentimita 127. Akifika hapo ndipo watu wanatamka neno mkubwa bila kubishana. Wapo waliovua tangu utoto na hawajaufikia. Na anayeufikia karibu kila mara ni jike, maana madume hayafiki huko, na jike lenyewe linahitaji miaka 15 na zaidi ya kula na kuponea chupuchupu. Inchi 55 atazungumzwa mji mzima. Inchi 60 watu wanamwota tu. Inategemea na maji pia, kama ilivyo kwetu: kwenye vijiziwa vya Wisconsin vilivyojaa maski wengi, mwenye inchi 40 anashangilia kwa haki kabisa. Ila ukisema ziwa la Mille Lacs hapa Minnesota, ghuba ya Green Bay au mto St. Lawrence, huko hesabu inaanzia hamsini.

Wangu alikuwa inchi 51. Sentimita 129 na nusu, Baba. Nilimpata Mille Lacs, mwisho wa Oktoba.

Ziwa lenyewe eneo lake linakaribia kisiwa chetu chote cha Ukerewe, kina chake ni kifupi, upepo ukiamka mawimbi yake mafupi yanapiga vibaya. Jua lilikuwa linazama. Mwenye boti ni mzee mmoja wa huku niliyemtunza marehemu mkewe. Tangu hapo ananiita binti yake. Nilikuwa navuta chambo mara ya mwisho kabla ya kuwasha taa. Kikifika ubavuni hutakiwi kukitoa majini, unatumbukiza ncha ya fimbo na kuchora nane kubwa ndani ya maji, polepole kwenye kona, ili yule aliyefuata usiyemwona apate nafasi ya pili. Nikachora. Kwenye kona ya pili maji yakafunguka. Hakuvuta, alisimama tu na kutikisa kichwa, nikahisi uzito hadi kiunoni. Mzee akasema jambo moja tu, usilegeze. Sikulegeza. Alikwenda chini ya boti, akarudi, akaruka nusu mwili nje na kumwagia maji usoni mwangu, na mimi nikawa naongea Kijita kwa sauti bila kujua. Alipoingia kwenye wavu nilikaa chini, miguu ilikataa.

Humtoi kwenye wavu kwanza. Anabaki ndani ya maji, mkiwa na koleo refu na mkasi wa kukatia vyuma, ndoano inayogoma inakatwa. Halafu ubao wa kupimia, pua imegusa kizuizi, mkia umebanwa, mzee akasoma namba mara mbili kwa sauti. Tukazungusha utepe tumboni: inchi 23. Picha moja, samaki amelala juu ya mikono yote miwili, maana ukimning'iniza kwa taya uzito wake mwenyewe unamuumiza. Kisha majini. Nilimshika kwenye mkia mpaka aliponikataa mwenyewe. Mzee ambaye amevua ziwa lile tangu ujana wake alinivulia kofia. Mimi, binti yako, Baba, mbele ya watu wengine waliokuwa gatini tuliporudi.

Kilo 15 alizozicheka Baba mdogo ni hesabu. Unazidisha mzingo wa tumbo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa inchi, unagawa kwa 800, inatoka ratili. Zilitoka ratili 33 na ziada, ndizo hizo kilo 15. Sasa amwulize mtu yeyote wa huku: maski mzito kuliko wote katika rekodi ya Minnesota alivuliwa ziwa hilohilo la Mille Lacs, Novemba 2021, ratili 55 na wakia 14.8, kama kilo 25, urefu inchi 57 na robo tatu. Rekodi aliyoivunja ilikaa tangu 1957. Yaani jimbo zima, lenye maziwa maelfu, miaka yote hiyo, mkubwa kuliko wote ni kilo 25. Niambieni kama 15 ni jambo la kuchekwa.

Na kubishana juu ya ukubwa wa maski hakukuanza na ukoo wetu. Mwaka 1949, huko Wisconsin karibu na mji wa Hayward, Louie Spray alitangaza samaki wa ratili 69 na wakia 11. Mwaka huohuo, eneo hilohilo, Cal Johnson akawa na wake wa ratili 67 na nusu. Mpaka leo chama kimoja cha rekodi kinamtambua Johnson, jumba la heshima la wavuvi pale Hayward linamtambua Spray, na wazee wanakaa juu ya picha za zamani na rula wakipima upya. Mwingine wa mto St. Lawrence, wa 1957, alihesabiwa bingwa wa dunia miaka mingi hadi 1992 akafutwa. Nadhani ndiyo maana wavuvi wa sasa wanaamini ubao na inchi. Hayward nimefika. Wamejenga sanamu ya maski yenye urefu wa futi 143, unapanda ngazi ndani ya tumbo na kusimama mdomoni. Nimesimama mdomoni, picha ninayo, sikuituma kwa sababu ya maneno.

Sangara namjua. Asije mtu akaniambia nimesahau. Yule mliyemleta mwaka ule kabla Mafuru hajazaliwa, wanaume wawili walimbeba kwa mti begani na mkia ukaburuta mchanga hadi kwenye mizani. Najua sangara huweza kufika kilo 200. Lakini Baba mdogo amweleze Mafuru, kwa ukweli, ni lini mara ya mwisho ameona sangara wa mita moja na robo pale mwaloni. Wanaoletwa sasa mtu anahangaika wafike hizo sentimita 50 za sheria. Nyavu zilipochomwa moto sote tulilia, mimi pia nililia, zilikuwa nyavu zako. Ila samaki wakubwa walikuwa wameondoka kabla ya moto. Walikuwa majike, matumbo yamejaa mayai, na sisi tulikuwa tunagombania mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwao.

Kwa hiyo la kumwachia. Kwanza ni sheria. Minnesota, katika karibu maziwa yake yote, maski aliye chini ya inchi 54 hachukuliwi. Wangu alipungua tatu. Ningemkata vipande ningesimama mbele ya hakimu. Pili, hata wanaopata wa 54 na zaidi, wengi wao kabisa wanamwachia, na hakuna anayewaona wajinga. Maski wa Mille Lacs walipandikizwa na watu, kama sangara alivyoletwa Victoria, na wapo majirani wa ziwa wanaolalamika kwamba anamaliza samaki wao wa kula. Lakini waliomtaka wamemlinda, na ndiyo maana mtu kutoka Ukerewe amekuja kumkuta akiwa na inchi 51. Nami nimemwachia akazae.

Baba, nataka neno lako. Sitaki unitetee sana, sema tu mbele yao kwamba yule ni samaki mkubwa. Wewe ukisema, Baba mdogo hatarudia.

Sasa injini. Nimesikia, na sijakataa. Nilichokataa ni injini kununuliwa kwa njia ile ya kwanza. Ile ya miaka ile niliitumia fedha kamili, ikafika, ikafanya kazi msimu mmoja, kisha nikasikia imekuwa pikipiki, na pikipiki imekuwa mahari. Sijauliza mpaka leo na siulizi leo. Safari hii nusu ya bei nitaiweka kwenye simu ya Mama wiki ya kwanza ya Desemba. Nusu ya pili naituma nikiona risiti yenye jina lako wewe, siyo la Baba mdogo wala la Mafuru. Mwende dukani Mwanza wewe na Shangazi, yeye haoni haya kuuliza bei mara tatu. Mafuru ataendesha, mapato ya wiki Mama ayaandike kwenye daftari, kama alivyokuwa akifanya enzi za dagaa.

Na dagaa, Baba. Kuna siku narudi kazini alfajiri na pua yangu inanidanganya, nasikia harufu yao wakianikwa mchangani. Huku napata samaki wa barafu tu. Sato mbichi kwa ugali wa muhogo wa Mama, sijui mwakani au mwaka wa kesho kutwa. Machungwa yakiiva mpeni Nyamisi machache ampe mdogo wake aniletee atakaporudi huku, hata yakifika yamenyauka nitayala.

Kwenye mfuko wa mdogo wake Nyamisi kuna utepe wa kupimia, sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Ni wako. Sangara wa kwanza atakayeletwa na injini mpya umpime mwenyewe, pua hadi mkia, unitumie namba. Miwani nayo imo, na dawa ya magoti ya Mama, vidonge viwili kwa siku baada ya chakula, asizidishe.

Msalimie Shangazi, Nyabise na watoto wake, na Baba mdogo pia, shikamoo yake ipo palepale.

Mwanao,
Nyangeta