Likizo hii nasoma bila mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo halijadiliwi sana hapa: orodha ya vitabu vya kusoma wakati wa likizo. Sisemi vya watoto, maana hao walimu wao huwapa kazi za likizo hadi zinawachosha. Nasema vyetu sisi watu wazima.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Tanga. Likizo yangu ya mwaka huwa naomba iangukie Juni mwishoni na Julai, kusi linavuma, na mtu anaweza kukaa barazani mchana bila kujipepea. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka, na wenzangu wengi siku hizo huzimaliza kwenye harusi, misiba na foleni za ofisi mbalimbali. Mwaka huu waliponiuliza naenda wapi, niliwajibu kwamba naenda Lushoto kwa wakwe, ila kwa sasa bado napanga vitabu. Lushoto waliielewa. Vitabu vikazua maswali. "Kumbe unajiendeleza, sista? Digrii ya nini?" Nilipowaambia ni riwaya na mashairi tu, hakuna cheti mwishoni, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: sasa faida yake nini?

Swali hilo nimelibeba hadi kwenye barua hii, kwa sababu naamini linawahusu wengi. Tulifundishwa kusoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha tukafunga vitabu. Aliyepita kidato cha nne rika langu atavikumbuka vitabu teule: Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu, Ngoswe. Atakumbuka pia tulivyovisoma. Mwalimu anagawa ubao sehemu mbili, maudhui huku, fani kule. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Tulikariri dhamira za kitabu ambacho wengine hatukuwahi kukifungua, kwa sababu vitini vya uchambuzi viliuzwa kwa bei nafuu na vilikuwa na majibu yote. Siwalaumu walimu, walikuwa na madarasa yaliyofurika na mtaala wa kumaliza. Lakini matokeo yake tunayaona: watu wazima waliosoma shule, wanaoipenda lugha yao, na mara ya mwisho kushika riwaya ya Kiswahili ilikuwa wiki ya mtihani.

Nakala yangu ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nimeirithi kwa mdogo wangu aliyesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano na sita. Nimeifungua juzi. Kurasa za mwanzo zimejaa penseli pembezoni: "dhamira - ukombozi", "mgogoro wa kitabaka", "tashbiha", na mstari mmoja umezungushiwa duara na kuandikwa MTIHANI kwa herufi kubwa. Kufika katikati alama zinapungua, halafu karatasi ni safi mpaka mwisho. Hapo ndipo kitini kilipochukua nafasi ya kitabu. Nimenunua kifutio. Nitakuwa nafuta penseli ile ukurasa kwa ukurasa kadiri ninavyosoma, ili Yasmini abaki msichana badala ya kuwa jibu la swali la tatu. Maana Yasmini ni binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa rika la baba yake, katika Unguja ya mkoloni, naye akakimbia. Wodini kwangu huingia mabinti wa umri huo. Nawapima presha, naandika kwenye kadi, nawashika mkono uchungu unapozidi, na zamu ikiisha naondoka bila kujua kilichomo vichwani mwao. Mwandishi aliyekaa na msichana kama huyo kurasa zote zile ana la kuniambia mimi, nami nataka kumsikiliza bila mtu kuniuliza falsafa yake ni ipi.

Basi orodha yangu nimeipanga kwa kufuata likizo yenyewe itakavyokwenda. Naona hii ndiyo njia bora kuliko kuchukua orodha ya mtu mwingine, kwa kuwa kitabu kizuri kikisomwa mahali pasipokifaa huishia kuwa mto wa kulalia.

Safarini nampeleka Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani. Kutoka Tanga kupitia Muheza na Korogwe basi linakwenda sawasawa na mtu anaweza kusoma. Likishaiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona za Soni, hapo kitabu kinarudi mkobani, kichwa kinazunguka. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kinafaa kwa safari ya namna hiyo, kwa sababu hadithi ya upelelezi hata ukikatishwa njiani huwezi kusahau ulipoishia. Kilitoka mwaka 1960, na bado Bwana Msa na kiko chake anawashinda wapelelezi wengi wa kwenye runinga.

Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake haina mchezo. Jioni watu wote huhamia jikoni kwenye moto. Mama mkwe wangu macho yamechoka, hawezi tena kusoma herufi ndogo, lakini masikio yake mazima na kumbukumbu yake inanishinda. Mwaka jana aliniona na kitabu akaniambia, "Soma kwa sauti, mwanangu, na mimi nifaidi." Kwa ajili yake nimechagua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Yeye ni mtu wa taarabu tangu usichana wake, na habari ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akauza vyungu, kisha mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, itamkalisha kitako hata chai ipoe. Nimejaribu kusoma kurasa za mwanzo peke yangu kwa sauti, kupima pumzi. Sentensi za Shaaban Robert ni ndefu na zimepimwa kama beti, ukikosea pa kupumzika unazivunja. Hilo sikulijua nilipokuwa namsoma kimoyomoyo.

Na hapa naomba niseme na watu wa Tanga wenzangu. Mzee huyu ni wetu. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, amezikwa Machui, si mbali na mjini. Jina lake tunalitaja kwa fahari kila tukiulizwa Tanga imetoa nini. Sasa tuulizane barazani nani amesoma kitabu chake kimoja hadi mwisho baada ya kuvua sare za shule. Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha kazi yenye heshima mjini akaenda kulima, ni kitabu ambacho kila mwajiriwa anayewaza kuhusu kustaafu angekisoma kwa faida.

Pembeni ya Shaaban Robert nimeweka Siku Njema ya Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake inaanzia hapa hapa Tanga, kwa mtoto wa mwimbaji wa taarabu ambaye baadaye anakwenda Kenya kumtafuta baba yake. Nataka nione mji wangu kwa macho ya mgeni aliyeupenda.

Kuna kimoja nimekiweka kwa kujilazimisha, nacho ni Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Ni kijitabu chembamba, kilichapishwa mwaka 1990, na waliokisoma wanasema si cha kukimbizana nacho. Sawa. Nitakisoma asubuhi kabla nyumba haijaamka, kurasa chache, na nikishindwa kuelewa nitarudia. Naamini kila orodha ya likizo inahitaji kitabu kimoja kinachomzidi msomaji kimo. Vinginevyo tunasoma tunayoyajua tayari.

Usiku ni wa mashairi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilichapishwa mwaka 1973, baada ya mshairi huyo wa Mombasa kutumikia kifungo cha miaka mitatu kwa waraka wake ulioiuliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi yale aliyaandika humo gerezani, kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Kila ninapoyasoma nafikiria mkono wake ukiandika mizani kamili, vina vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake, kwenye karatasi inayochanika ukiigusa tu. Shairi moja kila usiku kabla ya kuzima taa linatosha. Mashairi ya namna ile hayasomwi mengi kwa mkupuo.

Kitabu cha mwisho nitakianza nikisharudi Tanga. Oktoba 2021 nchi nzima tulishangilia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel. Magazeti yaliandika, redio zikajadili uraia wake kwa siku nyingi. Mwaka uliofuata riwaya yake ya mwaka 1994 ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota. Inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake. Mambo ya pwani yetu, biashara yetu ya misafara, sasa yako katika lugha yetu. Nakala yangu niliagiza Dar, ikaletwa kwa basi kama mzigo mwingine wowote, nikaenda kuichukua stendi ya Kange. Nasikitika kwamba mjadala wa uraia ulikuwa mkubwa kuliko mjadala wa kitabu.

Najua nitaambiwa muda haupo. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alikuwa Rais wa nchi changa yenye kila tatizo. Kama yeye aliweza kukaa usiku na Shakespeare akitafuta neno la Kiswahili litakaloingia kwenye mstari, mimi mwenye likizo ya kisheria naweza kusoma kurasa ishirini. Simu tu naiacha chumba kingine, kwani ikiwa karibu kitabu hakisomeki, hilo nimeliona kwangu na kwa watoto.

Wapo pia wanaosoma, ila vitabu vya mafanikio tu, jinsi ya kuwa tajiri na jinsi ya kuamka mapema. Sina ugomvi navyo, vimemsaidia nani na nani. Ila mtu asiyesoma kitu kingine anajinyima watu: Rashidi wa riwaya ya Kuli anayebeba magunia bandarini Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948, Rosa Mistika wa Ukerewe ambaye kitabu chake kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Watu hawa hawakufundishi kupata fedha. Wanakukalisha karibu na mwenzako.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, katikati kabisa ya likizo. Kila mwaka kuna hotuba na makongamano, na mazuri yanasemwa. Gazeti lako lingeweza kufanya jambo la gharama ndogo: kuanzia Juni, kona ndogo kila wiki ambapo msomaji mmoja anaandika orodha yake ya likizo. Asiwe profesa peke yake. Awe dereva, fundi cherehani, askari, mama lishe. Aandike vitabu vichache, kwa nini amevichagua, na zaidi ya yote amevipata wapi. Hilo la mwisho ndilo linalotukwamisha huku mikoani. Riwaya nyingi nzuri hazipo madukani, maduka mengi ya vitabu yamebaki kuuza vitabu vya kiada na madaftari. Vingine vyangu nimevipata Maktaba ya Mkoa, kimoja kwa mwalimu mstaafu wa hapa Ngamiani aliyenikopesha kwa sharti la kukifunika gazeti, na kingine kwa wauza vitabu vya mitumba Dar. Tukiambizana, vitazunguka.

Nami nianze kwa kuuliza. Nikiitazama orodha yangu, mwandishi mwanamke hayumo. Namjua Penina Muhando kwa tamthilia zake, Hatia na Nguzo Mama, na Zainab Burhani kwa Mwisho wa Kosa, ambacho nimekitafuta hapa mjini bila kukipata. Wodi yangu ni ya wanawake tupu, likizo yangu isiwe ya wanaume tupu. Msomaji wa Unguja, Pemba, Mombasa au popote mwenye riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanamke, anayeweza kuniuzia au kuniazima, tafadhali aandike kupitia ukurasa huu kabla ya mwisho wa Juni. Nauli ya mzigo nitalipa mimi.

Wako msomaji,
Muuguzi, Ngamiani, Tanga