Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: ndege ikiacha kimo chake, tuambieni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya,
Nairobi.

KUH: NDEGE ZA ABIRIA KUTOKA KWENYE KIMO ZILICHOPANGIWA

Mheshimiwa, assalaam aleikum.

Mimi ni nahodha wa boti hapa Lamu. Wanaoshuka uwanja wa Manda nawavusha hadi mjini, kwa hivyo malalamiko ya ndege nayapata yangali moto. Juzi juzi mama mmoja alipanda botini buibui limelowa juisi kifuani. Ndege, akasema, iliruka juu ghafla wakiwa katikati ya safari, vikombe vikamwagika, kisha ikatulia na rubani asiseme neno. Akaniuliza mimi kulikoni! Huenda ulikuwa upepo tu. Huenda pia rubani alikuwa akimkwepa mwenzake aliyekuwa kwenye kimo kisicho chake. Ninachoomba ni kwamba likitokea hilo la pili, litangazwe, hata kama hakuna aliyechubuka.

Sikusomea urubani, ila nimewauliza wanaojua. Ndege inayotoka Nairobi kuja kwetu, kwa kuwa inaelekea mashariki, hupangiwa kimo cha witiri ukihesabu maelfu, tuseme futi 19,000. Inayorudi hupewa cha shufwa, 18,000 au 20,000. Baina yao ni futi 1,000, yaani mita 300 hivi. Rubani akisikia vibaya nambari aliyopewa redioni, au akiingiza nyingine kwenye mitambo, au akisahau kurekebisha kipimo cha kimo kulingana na kanieneo ya hewa, hizo mita 300 zinaanza kuliwa. Mwaka 1996 kule Charkhi Dadri, India, ndege ya Kazakhstan iliyotakiwa kubaki futi 15,000 ilishuka hadi kwenye 14,000 ya ndege ya Saudia. Walikufa watu 349, wote waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili.

Lakini kisa kinachonikosesha usingizi ni cha Virginia, Marekani. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA nambari 514, aina ya Boeing 727, ilikuwa ikienda kutua uwanja wa Dulles katika hali mbaya ya hewa. Waongozaji waliwaruhusu marubani waanze safari ya kutua. Marubani wakaelewa kuwa wanaweza kushuka hadi futi 1,800 papo hapo, na hali mbele yao kulikuwa na mlima. Watu 92 wakafa. Sasa sikiliza, Mheshimiwa: wiki sita kabla yake, ndege ya shirika jingine, United, ilikuwa imefanya kosa lile lile, mahali pale pale, ikaponea chupuchupu. United wakawaonya marubani wao wenyewe. Wale wa TWA hawakupata habari.

Usije ukaniambia hayo ni ya Wamarekani. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki, ile kubwa ikarudi Wilson na abiria wake salama. Hiyo tuliijua kwa sababu vyuma viligongana. Zinazopishana padogo bila kugusana, nani hutuambia?

Najua utakachojibu: rubani akijua kosa lake litatangazwa, ataficha. Ni hoja ya kweli, na Wamarekani walikutana nayo. Mwaka 1975 FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, ambao ndio wenye uwezo wa kumwadhibu rubani, walijaribu kupokea taarifa hizo wenyewe, na marubani hawakuwaamini. Mwaka 1976 kazi ikakabidhiwa NASA, shirika lao la anga za juu, ambao hawana uwezo wa kumnyang'anya mtu leseni. Taarifa ikifika, jina linaondolewa, kisha funzo lake linachapishwa kila mtu asome. Mpango huo uko hadi leo. Kwa hiyo mimi sitaki jina la rubani, wala la kampuni. Nataka kujua ndege ilikuwa wapi, ilipangiwa kimo gani, ikaenda kipi, kwa nini, na nini kimebadilishwa tangu hapo. Na iandikwe kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha mawakili.

Sisi wa Lamu tuna haki ya kulidai hili kuliko wengi. Barabara ya Garsen imetiwa lami, sawa, lakini baada ya mashambulizi ya miaka hii wako wazee ambao ukiwatajia basi wanakuangalia kama umewatukana. Mgonjwa akiandikiwa hospitali ya Nairobi, watoto wake huchanga nauli ya ndege. Kwetu ndege si anasa ya watalii.

Kila miezi mitatu ingetosha. Ukurasa mmoja, ubandikwe Manda na Malindi, mahali abiria wanapongojea. Na kama hakuna wa kuubandika, nitumie mimi, nitaubandika gatini na ndani ya boti yangu.

Wako mtiifu,
Nahodha wa boti, gati la Manda.

Nakala: Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Gavana wa Kaunti ya Lamu.