Matairi ya baiskeli za mbio: yanadumu kiasi gani

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kwa kuwa wengi mmeuliza kwa nini tairi la nyuma huisha mapema kuliko la mbele, naomba nilieleze jambo hili. Tairi la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, na nguvu yote ya pedali hupitia hapo kwenda barabarani. Kwa kawaida tairi zuri hudumu takriban kilomita 3,000 hadi 6,000, ingawa yale mepesi ya mashindano huisha mapema zaidi.

Barabara zetu za Mwanza huharakisha uchakavu huo. Baada ya mvua, maji yanayoteremka kutoka kwenye vilima vya mawe huacha mchanga mkali pembeni mwa lami, pamoja na vipande vya chupa, navyo hukata mpira kidogo kidogo. Upepo ukipungua, tairi hujikunja ubavuni kila linapozunguka hadi nyuzi zake zinachoka, na jua kali hukausha mpira hata wa baiskeli isiyotembea, hivyo ziegesheni kivulini.

Kabla ya safari ya Jumamosi kwenda Usagara, kila mmoja akague matairi yake: ukiona katikati pamekuwa bapa, nyuzi zimechungulia au pancha zinafuatana, badilisha. Nawasihi sana msihamishie tairi lililochakaa kwenye gurudumu la mbele, kwa maana likipasuka mteremkoni, baiskeli haishikiki. Anayehitaji msaada wa ukaguzi afike nusu saa kabla ya kuondoka.