Barua ya wazi kwa Gavana wa Narok: kila picha ya duma ina tairi la mtu

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Narok.

KUH: MAGARI, KAMERA NA DUMA WA MAASAI MARA

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Talek, kando ya hifadhi ya Maasai Mara. Mimi ni dereva wa watalii, huu mwaka wa kumi na nne. Siku ambazo sina wageni hupiga picha za wanyama na mandhari kwa kamera ya mtumba ambayo mke wangu huiita mke mwenza. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe hutendeka hadharani, mchana kweupe, na kwa sababu nami nimo miongoni mwa wanaolitenda.

Agosti iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, tulimkuta duma jike amesimama juu ya kichuguu. Watoto wake wanne walikuwa wamejilaza chini yake, bado wana yale manyoya marefu ya kijivu mgongoni yanayowafanya wafanane na nyegere. Mbele yake, kama mita mia na hamsini, swala tomi walikuwa wakila bila habari. Nikazima injini. Wageni wangu, mume na mke wenye mvi, wakaacha hata kutafuna biskuti.

Tulikuwa magari matatu. Kisha redio za madereva zikaanza kuitana. Baada ya dakika ishirini nilihesabu magari kumi na saba, nikachoka kuhesabu. Duma akashuka kichuguu, akaanza kunyata, tumbo linakaribia kugusa nyasi. Kila alipopiga hatua kadhaa, nasi tukasogea kadhaa. Gari moja likaacha barabara na kukata nyasini, ili wageni wake wampate duma kwa mbele huku jua likiwa mgongoni mwao. Swala wakainua vichwa, wakatimka. Saa tatu alijaribu tena, tukamwandama tena. Saa tano akaja kujilaza kwenye kivuli cha gari, watu wakafurahi, wakasema duma huyu mpole kweli. Mheshimiwa, mahali pale hapakuwa na kivuli kingine.

Mgeni wangu, aliyekuwa mtulivu tangu asubuhi, akanigusa bega: "Tunaweza kusogea kidogo?" Nikasogea. Kanuni nazijua. Magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, mita 25 kati yako na yeye, dakika kumi ikiwa wengine wanasubiri, na ndani ya hifadhi ni marufuku kuacha barabara. Nimezikariri kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Nilisogea kwa sababu muhula wa tatu ulikuwa mlangoni na karo haijakamilika, na bahshishi ya dereva huamuliwa jioni, mgeni anapopitia picha zake njiani kurudi kambini.

Usiku ule nami nilipitia zangu. Nilikuwa nimepiga 340. Zilizokuwa na duma peke yake, bila tairi, bila mlango, bila kofia ya mtu inayochungulia pembeni, zilikuwa 11. Zote nilikuwa nimezipiga kabla ya saa moja na nusu, tulipokuwa bado mbali na magari hayajafika. Nimefuta nyingine zote isipokuwa moja, ambayo mkia wa duma unapita mbele ya namba ya gari. Hiyo nimeihifadhi kwa sababu zangu.

Watu wengi hudhani mwenye lenzi kubwa ndiye msumbufu. Wapo wasumbufu wenye lenzi kubwa, sikatai, lakini lenzi ya milimita 400 haihitaji umkaribie mnyama hadi mita kumi. Anayetaka mita kumi ni mwenye simu. Lenzi ya simu ni pana, na akikuza picha kwa vidole duma anageuka ukungu wa njano. Kwa hiyo dereva ndiye anayekuwa lenzi yake: sogea, sogea tena. Na kwa kazi yetu ya picha, ukaribu ule wenyewe ni hasara. Ukiwa juu ya landkruza na mnyama yuko chini ya dirisha, unapiga picha ya mgongo wake na nyasi zilizokanyagwa. Mpe nafasi, laza lenzi juu ya mfuko wa maharagwe pale dirishani, ngoja. Atapanda kichuguu mwenyewe, na nyuma yake utapata anga na mwinuko wa Oloololo. Ni hapo ndipo utaelewa kwa nini Wamaasai waliipa nchi hii jina la Mara, yaani yenye madoadoa.

Unakumbuka picha ya duma madume watano wa kundi lililoitwa Tano Bora wakivuka Mto Talek uliofurika, Januari 2020, nyuso zimekunjamana kwa hofu na maji yamewafika shingoni? Aliyeipiga, Buddhilini de Soyza, alikuwa ukingoni akiwasubiri wapate pa kuvukia. Mwaka 2021 picha hiyo ikatunukiwa sifa katika shindano la wapiga picha wa wanyamapori linaloandaliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Haina tairi hata moja.

Huenda washauri wako watakuambia hizi ni hasira za wapiga picha. Basi waulize kuhusu utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika hapa hapa Mara na kuchapishwa mwaka 2018. Aliwafuatilia duma majike na uzao wao. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, mama alifanikiwa kulea wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao hadi mtoto ajitegemee. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, 2.3. Chukua akina mama kumi wa kila upande, kila mmoja azae mara moja: huku wanabaki watoto wawili, kule ishirini na watatu. Na wingi wa simba na fisi haukuonekana kuwa ndio sababu.

Sababu haihitaji darubini. Duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo sisi tuko barabarani. Mbio zake ni za sekunde chache, na akishindwa lazima apumzike kabla ya kujaribu tena. Akifaulu, inabidi ale haraka kabla fisi hawajafika, maana hana ubavu wa kupigana nao. Sasa mkusanyiko wa magari ni kama bango: fisi naye ana macho. Na mama huyu hulea peke yake, dume hamsaidii, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kumpotezea mawindo mawili kwa siku ni kuwalaza watoto wanne na njaa. Duniani kote duma waliobaki ni kama 7,000.

Sasa nije kwa ninachokuomba.

Tangu Julai 2024, mgeni kutoka nje hulipa dola 200 kuingia hifadhini kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi ni ya saa 12. Sipingi kiingilio hicho. Barabara na mishahara ya askari hailipwi kwa upepo. Lakini fikiria kinachotokea ndani ya gari. Mtu amelipa dola 200 kwa siku moja, anajua jioni tiketi imekwisha, na mbele yake ameketi mtu mmoja tu wa kumshinikiza: mimi. Nikimwambia "hapana, kanuni hairuhusu", anachungulia dirishani na kuona magari kumi yanayovunja kanuni hiyo hiyo. Mimi naonekana mwoga au mvivu, na kampuni inapata malalamiko.

Naomba kanuni itoke mdomoni mwangu iende langoni. Sekenani, Talek, Oloolaimutia, Musiara, kila mahali tiketi inapokaguliwa, mgeni asomewe kanuni nne kwa lugha yake na aweke sahihi. Dakika mbili zinatosha. Akiniambia nisogee, nitamwonyesha karatasi yenye jina lake. Na gari likivunja kanuni, faini ielekezwe pia kwa kampuni na kwa mgeni aliyesaini, si kwa dereva peke yake. Dereva akifukuzwa leo, kesho analetwa mwingine mwenye karo yake.

Duma mama mwenye watoto wadogo awekewe askari mmoja na gari moja tangu lango linapofunguliwa. Sisi madereva tunajua anakolala, tena kwa kawaida tunajua kabla ya askari, tuulizeni. Maficho ya watoto ambao hawajaanza kumfuata mama yafungwe kwa wiki kadhaa, bila kelele na bila bango, maana bango litageuka tangazo. Hata kule mtoni, nyumbu wanapojikusanya kuvuka, askari wawili waliofika mapema hufanya kazi kuliko kumi wanaokuja kufukuza magari yaliyokwisha kuziba njia ya kupandia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili wenzangu hunicheka nikilisema. Vijana wa Talek na Sekenani hawana kazi, na wageni wana simu zisizoona mbali. Kaunti iwakopeshe vijana mtaji wa kununua darubini na lenzi ndefu za mtumba, wazikodishe kwa siku pale langoni. Mgeni mwenye darubini nzuri hunisumbua nusu ya yule asiyekuwa nayo. Nimeipima hii kwa darubini yangu mwenyewe, ambayo sasa ina alama za vidole vya mataifa yote.

Usinielewe kwamba nataka watalii wapungue hadi tule nyasi pamoja na nyumbu. Jirani zetu wa hifadhi za jamii kama Naboisho na Olare Motorogi waliweka kikomo cha vitanda, magari yakawa machache, na wenye ardhi bado wanalipwa kodi yao. Hifadhi kuu haiwezi kunakili hayo yote, ni ya umma na milango yake ni mingi. Ila kuhesabu magari hadi matano inawezekana hata kwa mtoto wa chekechea.

Yule mama nimemwona tena mwezi wa kumi na moja, karibu na kivuko, jioni, amelala ubavu. Watoto walikuwa wawili. Nilisimama mbali, nikapiga picha tatu, nikaondoka kabla redio ya mwingine haijanifuata.

Nikihitajika Narok mjini kueleza haya nitakuja na picha zote, hata ile yenye namba ya gari, ingawa hiyo nitaifunika kwa kidole. Siku yoyote isipokuwa Julai na Agosti.

Wako katika kazi,
Dereva na mpiga picha, Talek.